Gari imekuwa nzito au inalia nyuma? Hesabu difu kwanza kabla hujagusa injini

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimeshaona watu wanafungua injini bure, wananunua nozeli, wanabadilisha klachi, kumbe shida yote iko nyuma kwenye difu, lile fungu la gia kati ya tairi za nyuma, na wala difu yenyewe sio mbovu, ni nzima kabisa ila meno yake sio ya gari hiyo. Mimi mwenyewe yalinikuta. Nina pikapu ya dizeli 4x4, pinioni ya nyuma ilikatika meno nikiwa safarini na mzigo juu, nikavutwa mpaka gereji moja ya njiani, fundi akahangaika akapata difu ya mtumba, bolti zote zikakaa, shafti zikaingia, gari ikaondoka, nikalipa nikashukuru Mungu. Wiki tatu mbele ndo nikaanza kuona mambo, na ilinichukua miezi miwili na hela nyingi kujua kwamba siku ile nilifungiwa difu ya hesabu nyingine.

Kwanza tuelewane hesabu yenyewe ni nini, haraka tu. Ndani ya difu kuna pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela shafti, halafu kuna krauni, lile gurudumu kubwa la meno linalopeleka mzunguko kwenye shafti za tairi. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni ina meno 10, gawanya 41 kwa 10 unapata 4.10, maana yake propela izunguke mara nne na kidogo ndo tairi zimalize mzunguko mmoja. 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.56, 43 kwa 11 ni 3.91, 41 kwa 11 ni 3.73. Namba ikiwa kubwa hiyo ni difu ya nguvu, gari inavuta vizuri ila injini inazunguka sana barabarani. Namba ikiwa ndogo ni difu ya mbio, injini inatulia kwenye spidi lakini mlimani na mzigo utaijua. Na kinachotupoteza wengi ni kwamba kwa nje huoni kitu, nyumba ya difu ni ile ile, matundu ya bolti yale yale, splaini (meno ya mwisho wa shafti) zile zile, kwa hiyo fundi anaweza kufunga difu ikaingia kama imezaliwa pale na bado ikawa sio yake.

Wenye IST, Vitz na gari zingine za kuvuta mbele tu, hesabu yenu imo humo humo ndani ya giaboksi, nyuma hamna difu. Dalili za mwanzo zinawahusu kama mlishabadilisha giaboksi, mambo ya propela rukeni.

Injini inapiga kelele kuliko zamani lakini safari ni ile ile

Hii ndo ilikuwa yangu ya kwanza. Nikiwa 80 kwenye lami tambarare nasikia injini iko juu, natafuta gia ya sita ambayo haipo. Wakati huo huo nashangaa mabasi yote yananipita na dashibodi inaniambia natembea karibu 90. Kwenye gari nyingi za zamani kamba ya spidi inatoka giaboksi, yaani inahesabu mizunguko ya propela, haijui kinachotokea kwenye tairi. Sasa geji yangu ilitengenezwa kwa difu ya 4.10 na mimi nimefungiwa 4.56, kwa hiyo nikitembea 80 ya kweli yenyewe inasoma 89. Na kilomita nazo zinadanganya hivyo hivyo, unatembea 100 inaandika 111, ndo maana kwa hesabu ya dashibodi ulaji wa mafuta ulionekana wa kawaida kabisa wakati hela ya mafuta kwa mwezi imepanda. Hilo lilinichanganya kuliko kitu chochote, nilidhani naibiwa mafuta.

Jinsi ya kupima bila kwenda kokote: washa GPS kwenye simu, mpe mtu wa pembeni aishike, linganisha na dashibodi. Kama simu hamna, tumia vibao vya kilomita pembeni ya barabara kuu, anzia kibao kimoja hadi cha kumi mbele yake, angalia odomita imesogea ngapi. Ikisogea 11 kwenye 10 sio bahati mbaya, kuna kitu kimebadilishwa, ama difu ama tairi. Angalizo, gari za karibuni nyingi zinachukua spidi kwenye sensa za ABS pale magurudumuni, hizo hata ukibadilisha difu geji itasema kweli, zinapotoshwa na tairi tu.

Kama gari yako ina geji ya mizunguko ya injini unaweza kupata hesabu ya difu ukiwa umekaa kwenye kiti. Gari nyingi za difu ya nyuma zenye gia 5 za mkono, gia ya 4 ni moja kwa moja, injini ikizunguka mara moja propela nayo mara moja. Weka gia ya 4, shika 80 ya GPS bila kuyumba, soma mizunguko. Halafu pima mzingo wa tairi, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka alama irudi chini tena, pima kwa futi kamba. Sasa chukua mizunguko ya injini zidisha kwa mzingo kwa mita, zidisha kwa 0.06, gawanya kwa spidi. Mimi tairi zangu 205R16 mzingo ulitoka mita 2.27, geji ilisoma kama 2,700, nikapata 4.60. Sindano ya geji haiwezi kuwa sahihi hivyo, ila jirani yake wa karibu ni 4.56, na kwa 4.10 ilitakiwa isome kama 2,400 tu. Hapo ndo moyo ulinilipuka. Wenye automatiki mtapata jibu la kukadiria tu maana tokonveta (kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) huwa inateleza kidogo, na gia ya moja kwa moja kwenye zile za gia 4 huwa ni ya 3, kwa hiyo zimeni ovadraivu kwanza.

Gari imekufa nguvu, mlima inashuka gia mpaka ya pili, klachi haimalizi mwaka

Hapa ni kinyume, umefungiwa difu ya mbio au umeweka tairi kubwa. Jirani yangu anatoa viazi vijijini Njombe kupeleka Makambako, kuna mtu alimshawishi aweke 3.73 badala ya 4.10 aliyokuja nayo gari ili aokoe mafuta. Kwa hesabu amepoteza kama asilimia 9 ya mvuto kwenye kila gia, ikiwemo ya kwanza na ya nyuma. Kwenye tambarare bila mzigo kweli injini ilitulia. Ila akipakia, gia ya 5 haibebi, anarudi ya 4, moshi mweusi, joto linapanda, na kila akitaka kuondoka kwenye mwinuko lazima achezee klachi mpaka inanuka. Mafuta hayakupungua hata kidogo. Injini ya dizeli isiyo na taabo haipendi kubanwa chini ya mizunguko yake, ukiibana unakanyaga zaidi, na ukikanyaga zaidi ndo inakunywa.

Kabla hujailaumu difu hakikisha sio kitu kingine, na kuna njia rahisi ya kutofautisha. Difu haitelezi. Kwenye gia ile ile, spidi ile ile, mizunguko lazima iwe ile ile leo na kesho, tambarare na mlimani. Kama mlimani unakanyaga mizunguko inapanda lakini spidi haipandi, hiyo ni klachi imeisha. Kama mizunguko na spidi vinakwenda pamoja ila vyote vinakufa, angalia filta ya dizeli, filta ya hewa, na breki zinazoshika, simamisha gari baada ya kutembea kidogo weka mkono karibu na rimu, ile yenye moto kuliko wenzake ndo imeshika. Ukishavitoa hivyo vyote na gari bado nzito, njoo kwenye difu na tairi.

Tairi naomba niliseme kwa nguvu maana wengi hawalihesabu. Ukitoka 205R16 ukaweka 265/75R16 kwa ajili ya muonekano, kimo cha tairi kinatoka kama milimita 742 kwenda 804, ongezeko la asilimia 8 hivi. Difu yako ya 4.10 sasa inafanya kazi kama 3.78. Hujagusa bolti hata moja lakini umefanya kile kile alichofanya jirani yangu. Na dashibodi ikisoma 50 wewe uko 54, ukipita kijijini penye tochi utabishana na trafiki na yeye ndo atakuwa na haki. Vijana wa gari za safari kule Arusha wanaopandisha tairi wanalijua hili, wengine wanapandisha na hesabu ya difu zote mbili ili kurudisha mvuto, na hiyo ndo njia sahihi kama tairi kubwa unaihitaji kweli.

Fowili ikiingia gari inabana, mkono mdogo haurudi

Hii ndo ya hatari, isome taratibu. Kwenye 4x4 za kawaida za mkono mdogo (ile gia ndogo ya kuingiza na kutoa fowili, yaani kuvuta tairi zote nne), ukiweka fowili propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zinazunguka sawasawa. Kama difu ya mbele ni 4.10 na ya nyuma 4.56, tairi za mbele zinataka kwenda mbali kuliko za nyuma kwa asilimia 11, kila mita kumi mbele inataka kuizidi nyuma kwa zaidi ya mita moja. Kwenye tope haupati shida kubwa kwa sababu tairi zinateleza, unaweza hata usigundue. Ukifika pakavu ndo chuma kinaanza kujikunja. Mimi nilitoka kwenye matope ya masika nikapanda lami nikiwa bado kwenye fowili, kama mita mia tu, gari ikawa kama imefunga breki, tairi za mbele zinapiga ukelele zikiwa zimenyooka, mkono mdogo nauvuta kwa mikono miwili hautoki. Nilichofanya, na ndo cha kufanya, nilirudi rivasi taratibu mita chache mpaka nikasikia "tok" chini, ukatoka wenyewe.

Sasa kubana kidogo kwenye lami wakati wa kukata kona ni kawaida kwa 4x4 hizi hata zikiwa sahihi, ndo maana haturuhusiwi kuendesha fowili pakavu. Kinachoonyesha hesabu hazilingani ni kubana ukiwa umenyoosha usukani. Kabla ya hapo angalia tairi, zote nne saizi moja na upepo sawa. Tofauti ya 4.10 mbele na 4.11 nyuma isikutishe, hiyo ni 41 kwa 10 dhidi ya 37 kwa 9, karibu sifuri. Tofauti ya 4.10 na 4.30 tayari ni mbaya.

Wenye Subaru na gari zingine za kuvuta kote muda wote, kwenu hamna mkono wa kutoa, kwa hiyo kosa hili linakula ile difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) siku zote mpaka ife. Forester nyingi difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, ukinunua giaboksi ya mtumba ya 4.44 na nyuma una 4.11, umeua gari kwa mkono wako. Dalili ni gari kugoma na kuruka ruka ukikata usukani mwisho kwenye parking, na harufu ya oili kuungua. Ukibadilisha giaboksi, uliza hesabu yake au chukua na difu ya nyuma ya gari ile ile iliyotolewa giaboksi.

Jinsi ya kuhesabu kwa mikono

Hii inachukua dakika 20 na haihitaji kufungua kitu. Weka kabari tairi za mbele pande zote, maana breki ya mkono kwenye gari hizi inashika nyuma na hapa lazima uiachie. Gia nyutro, fowili imetoka. Inua tairi moja tu ya nyuma, weka stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, tafadhali sana. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Mtu mmoja anazungusha tairi mara 20 kamili, wewe unahesabu propela. Kwa vile tairi ya pili imetulia chini, mizunguko miwili ya tairi moja ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni, kwa hiyo 20 ni sawa na 10. Propela ikizunguka 41 una 4.10, ikizunguka 43 una 4.30, ikizunguka 39 na kidogo una 3.91. Yangu ilizunguka 45 na nusu, nikaomba turudie, ikaja 45 na nusu tena. Mbele, nikiwa nimefunga habu (vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele) kwenye LOCK, ikaja 41.

Kama difu yako ni ile ya kujifunga tairi moja itagoma kuzunguka peke yake, hapo inua zote mbili, hakikisha zinazunguka upande mmoja, zungusha mara 10.

Njia nyingine ni kile kibao cha chuma cha gari, kwenye Toyota kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, ile namba ya upande wa ekseli ndo inabeba hesabu ya difu iliyotoka kiwandani, muuza spea mzoefu anaisoma. Ila kumbuka kibao kinasema gari ilivyozaliwa, hakijui fundi wa njiani alifunga nini. Amini kuhesabu.

Inalia, inavuma, inagonga

Kelele mara nyingi haitokani na hesabu, inatokana na jinsi meno yalivyopangwa au beringi, lakini inakuja sana baada ya kubadilisha difu kwa hiyo niiseme. Kwanza jua kama ni difu kweli. Shika 60 kwa gia ya 3, halafu 60 kwa ya 4, halafu ya 5. Sauti isipobadilika iko nyuma ya giaboksi. Toka kwenye lami ingia vumbi laini, sauti ikipotea ni tairi hiyo imekula vibaya. Ikibaki, sasa sikiliza mguu wako: inalia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, ni upande wa kuvuta wa meno, inalia ukiachia tu, mara nyingi beringi za pinioni zimelegea, inavuma muda wote na kuongezeka na spidi bila kujali mguu, ni beringi za pembeni au za tairi. Kugonga "kong" mara moja unapoondoka au kurudi rivasi, shika propela kwa mkono izungushe huku na huku, kama krosi (viungo vya propela) ndo zinacheza badilisha krosi kwanza, ni rahisi kuliko yote.

Mwaga oili uione, ila fungua kwanza nati ya kujazia, isije ikagoma ukiwa umeshamwaga. Oili ya difu ina harufu kali kama kiberiti, hiyo ndo harufu yake hata ikiwa mpya. Kwenye sumaku ya nati ukikuta matope ya kijivu laini unayoweza kupaka kati ya vidole, ni kuchakaa kwa kawaida. Ukikuta kitu kinachokwaruza, vipande vyenye kona, usiendelee na safari.

Na hapa kuna kosa moja linafanyika kila siku: sili ya pinioni inavuja, fundi anafungua nati, anaweka sili mpya, anakaza nati kwa bomba refu mpaka mwisho. Kwenye difu nyingi nyuma ya nati hiyo kuna kola laini ya chuma inayominywa kwa kipimo, ukiikandamiza kupita pale ilipokuwa beringi zinabanwa, zinapata moto, na ndani ya wiki chache unaanza kusikia mluzi. Apige alama ya nati na shafti kabla ya kufungua, aihesabu nyuzi, arudishe pale pale.

Kama lazima ubadilishe meno, krauni na pinioni zinanunuliwa pamoja, zimesagwa kiwandani kama pacha, usichukue krauni ya huyu na pinioni ya yule hata kama meno idadi ni moja. Fundi apake rangi kwenye meno ya krauni azungushe aone pinioni inagusa wapi, alama inatakiwa iwe katikati ya jino. Ikikaa chini sana kwenye shina, pinioni imeingia mno, ikikaa kwenye ncha, haijafika, na hapo shimu (vile visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi) ndo zinaongea. Mchezo wa krauni (nafasi kati ya meno yake na ya pinioni) kwa difu nyingi za Toyota za saizi hii ni milimita 0.13 mpaka 0.18, upimwe kwa geji ya saa, sio kwa kutikisa kwa mkono na kusema "iko poa bosi". Kwa wengi wetu ni salama zaidi kununua difu nzima iliyopangwa, ukaihesabu pale pale dukani, zungusha pinioni huku umeangalia alama kwenye krauni, kabla hujatoa hela.

Mimi nilirudisha 4.10 nyuma, difu nzima kutoka Gerezani, Dar es Salaam, nikaihesabu mara tatu mbele ya muuzaji, alinivumilia. Oili weka ya daraja la GL-5, uzito 80W-90 au ile kitabu cha gari kinasema, mpaka ianze kuchungulia kwenye tundu la kujazia, na usiweke ya giaboksi ya GL-4 kwa sababu meno haya yanasuguana kwa kuteleza na yanahitaji dawa iliyomo kwenye GL-5. Meno yakiwa mapya, siku ya kwanza tembea kilomita 20 hivi bila mzigo bila kukimbia, paki, iache ipoe kabisa, rudia tena, kisha usivute wala kupakia mzito mpaka upite kilomita kama 800, umwage oili ile yote uweke nyingine.